Jeneza Fupi la Mtu Mrefu

Mwenyekiti wa mtaa wetu alipotangaza kwamba tunakusanya hadithi za kweli na mashairi ya watu kuhusu maisha yetu wakati wa gonjwa, ili tutoe kitabu, nilijua nimekwisha. Mtaani kwetu kuna kompyuta moja tu inayowaka bila kupigwa kofi, nayo imo dukani kwangu, duka la fotokopi lililobanwa kati ya kinyozi na karakana ya mjomba wangu seremala. Kwa hiyo kila mwenye la kusema angekuja kulisemea puani kwangu.

"Za kweli tu!" Mwenyekiti alisisitiza kwenye kipaza sauti. "Tuwaachie wajukuu ukweli mtupu."

Kisha akawa wa kwanza kuleta chuku. Aliandika kwamba alizunguka nyumba hadi nyumba akigawa unga. Sisi tunamkumbuka amejifungia ndani, barakoa mbili usoni, kipaza sauti kimetokeza dirishani, anatufokea tuingie ndani wakati sote tumo ndani. Kinyozi akaandika kwamba aliwanyoa wazee bure kwa huruma. Bure ni kweli. Mashine yake ilikuwa imeharibika, akawa anaijaribu kwenye vichwa ambavyo kwa amri ya serikali visingeonekana na mtu. Mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili alileta tungo ndefu mpaka wino ukaniishia, na humo ndani yeye ndiye aliyegundua kunawa mikono.

Wachache walisema kweli. Mama mmoja mwenye watoto wadogo aliandika kwamba alikuwa anajifungia chooni kulia, kwa sababu choo ndicho chumba pekee chenye komeo, na kwamba siku komeo lilipovunjika ndipo alipochanganyikiwa hasa. Huyo nilimpiga chapa bila kugusa hata nukta.

Lakini waliobaki, karibu mtaa mzima, waliandika jambo lilelile moja. Waliandika kuhusu siku aliyokufa mjomba wangu.

Mjomba hajafa. Wakati nayapiga chapa maombolezo yake alikuwa amekaa palepale dukani, kwenye kigoda chake, penseli sikioni, ananiambia niongeze sauti ninapomsomea.

Nieleze vizuri. Mjomba ni kaka wa mama yangu, mrefu mpaka anainama kwenye milango aliyoitengeneza mwenyewe. Wake wawili walimkimbia, au yeye aliwakimbia, inategemea unamuuliza nani. Jina analojulikana nalo mtaani alijipa mwenyewe: Fundi Mkuu. Ana chuma chenye herufi hizo, anakipasha moto mpaka kinakuwa chekundu, halafu anakikandamiza kwenye kila anachokiunda. Kitanda changu kimeandikwa FUNDI MKUU kichwani. Kibao cha mama cha kukatia mboga kimeandikwa FUNDI MKUU, na mboga zikikandamizwa juu yake, zinatoka na herufi.

Gonjwa lilipopamba moto, kazi ya vitanda ikafa, ya majeneza ikafufuka. Amri ilikuwa jeneza likishafungwa hospitalini halifunguliwi tena, kwa hiyo jina la marehemu liandikwe ubavuni ili watu wajue wanamzika nani. Mjomba akaona ubavu mzima mweupe, mikono ikamwasha. Wafiwa wakamjia juu. Walimwambia alama yake akitaka aichome chini, kwenye kitako, panapotazamana na udongo. Akakubali kwa uchungu kama mtu aliyenyang'anywa mtoto.

Siku moja watu wa afya wakampigia simu, wakampa kipimo tu. Jeneza moja, haraka, halina ndugu wa kulifuata. Sasa hapo nani wa kumkataza? Alichoma FUNDI MKUU ubavu wa kulia na ubavu wa kushoto, kila herufi kubwa kama mkate. Wakalichukua. Jioni kikohozi kikamkamata yeye, gari la wagonjwa likaja kumzoa, na simu yake ikabaki imezikwa kwenye maranda.

Kesho yake nguzo ya umeme ilianguka barabara kuu, kwa hiyo pikapu ya makaburini ikakatiza mtaani kwetu. Kinyozi ndiye aliyeiona kwanza.

"Jamani! Jamani! Fundi Mkuu huyo!"

Mama yangu alitoka, akasoma ubavu wa jeneza, akaanguka. Mtaa mzima ukatoka, kila mtu mlangoni kwake kama tulivyoamriwa, tukalia mpaka barakoa zikalowa. Wanaume walivua kofia. Dereva akapunguza mwendo, akazima na redio. Mtu mmoja alianza kuimba na mtaa ukadakia, mlango kwa mlango, sauti ikaifuata pikapu hadi ilipokata kona. Hakuna mtu mtaani kwetu aliyewahi kusindikizwa namna ile, kabla wala baadaye. Halafu kwenye grupu la simu yakaanza mashairi. Mwalimu alitangulia:

*Fundi Mkuu kaenda, randa inamlilia,*
*Vitanda alivyounda, mtaa twavilalia,*
*Mlango ukijipinda, nani ataurudia?*
*Lala Fundi, lala pema, mtaa twakulilia.*

Mwenyekiti, zuio la kutoka lilipolegezwa kidogo, akaonyeshwa kaburi na mlinzi wa makaburini, akamwagisha zege na kuandika FUNDI MKUU kwa rangi nyeusi. Na katika akili zote zile za mtaa, hakuna hata moja iliyojiuliza mtu mrefu kama ngazi ameingiaje kwenye jeneza lenye urefu wa meza ya chai.

Siku aliporudi, amekonda, njaa inamuuma, watu walikimbia. Kinyozi alishindwa kukimbia kwa sababu alikuwa amekalia benchi la Mjomba, ambalo alikuwa amejirithisha. Mama alimzaba kaka yake kibao, kisha akamkumbatia, kisha akamzaba kingine. Mwenyekiti akatoa tamko dirishani kwamba limetokea kosa la kiutawala, kwamba jeneza lile bila shaka lilikuwa tupu, na kwamba suala limefungwa. Tukafurahi likafungwa. Walipotaka kulivunja lile zege, Mjomba akagoma.

"Zege zuri namna hii mnavunja la nini? Nitalitumia huko mbele."

Akawa anaenda kulitembelea. Alipanda maua, akawa anayamwagilia, na akipata mgeni anampeleka akaone. Kwa hiyo mradi wa kitabu ulipokuja, yeye ndiye aliyenenepa nao. Alishinda dukani kwangu anasikiliza maombolezo yake na kuyakosoa. "Hapa kasema nilikuwa mkarimu. Mkarimu mno, ongeza mno." Alitaka sehemu nzima ya kitabu iwe yake, na picha. Hata uzinduzi akamshawishi Mwenyekiti ufanyike makaburini, mbele ya zege lake, yeye amekaa kwenye kiti cha mikono akisomewa. Mama alisema kaka yake ana wazimu, ila alimpigia pasi suti.

Zikiwa zimebaki siku chache, akaingia dukani mwanamke mfupi mwenye begi la safari, karatasi ya uwanja wa ndege bado inaning'inia kwenye mshikio.

"Habari za kazi, dada. Wewe ndiye unayekusanya habari za wakati wa gonjwa?"

"Nzuri, karibu. Una hadithi au una shairi?" nilimuuliza, nimechoka, nategemea shairi.

"Sina. Namtafuta mama yangu. Mlinzi wa makaburini kaniambia niulize hapa."

Alinitajia jina la mama yake. Sikulijua. Mjomba naye akatikisa kichwa.

"Alikuwa anauza mayai ya kuchemsha," akasema. "Pale kwenye kona ya kituo."

"Mama Mayai!" nilipiga kelele kama niliyeshinda bahati nasibu. Kisha furaha ikanikauka mdomoni. Nilikula mayai ya yule mama miaka na miaka. Kwenye ile kona siku hizi yupo muuza vocha, na mimi nilijiambia tu kwamba Mama Mayai amerudi kwao.

Binti alikuwa mtumishi wa ndani ng'ambo. Viwanja vya ndege vilifungwa, mwajiri akashikilia pasipoti yake, na mpaka amekuja kuachiwa ndio huu wakati. Ofisi ya afya ilimwambia mama yake alichukuliwa chumbani kwake asubuhi akiwa hana mtu, akazikwa siku ile nguzo ya umeme ilipoanguka barabara kuu. Walimwonyesha mstari wa makaburi. Kaburi lenyewe hawakulijua.

"Mstari ule ni vifusi tu," alisema. "Lenye jina ni moja, la fundi mmoja hivi. Zuri, lina maua. Nimekaa hapo kwenye zege lake nikapumzika. Sasa nauliza, kwenye hizo hadithi zenu, hakuna aliyeandika habari ya mama? Hata mstari mmoja? Nijue tu kama kulikuwa na mtu aliyemsindikiza."

Nilijitia kupekua kompyuta. Nilikuwa najua hakuna kitu.

Mjomba aliteremsha makaratasi yake taratibu. "Mwanangu," akamwita, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "mama alikuwa anakufika wapi?"

Binti akagusa ncha ya sikio lake. "Hapa. Nilikuwa namtania, namwambia nimemzidi kichwa."

Mjomba hasahau kipimo. Majina ya watu anasahau, siku ya kuzaliwa ya dada yake anasahau, lakini muulize dirisha alilolitengeneza kabla sijazaliwa atakutajia upana na kimo. Alimtazama binti kuanzia kwenye viatu mpaka kwenye lile sikio, kama anavyotazama ubao, midomo inacheza. Uso ukamwanguka. Aliweka makaratasi mezani, akatoka bila kuaga, na akagonga kichwa kwenye kizingiti cha mlango wangu, yeye aliyekiinamia maisha yake yote.

Nami nikalikumbuka lile jeneza fupi, nikaelewa. Nilimwambia binti aje Jumamosi makaburini, kutakuwa na mkutano. Nikamtafutia chumba kwa mama yangu. Kisha nikaenda karakana kugonga mlango.

"Mjomba, fungua."

"Nina kazi."

"Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi."

Akasogea, akasema, mdomo karibu kabisa na ubao wa mlango: "Mwanangu, umri wote huu hakuna mtu aliyewahi kuniambia neno jema kabla sijafa. Hata mmoja. Wake zangu walinisema, dada yangu ananisema, wewe mwenyewe unanicheka chuma changu. Yale mashairi nikiyasikia nalala usingizi. Sasa mnataka niyarudishe?"

Nilitaka kumjibu kwa ukali, maana mimi ni mkali, nimezaliwa hivyo. Lakini ni kweli tulikuwa tunamcheka chuma chake. Baadaye nikasikia randa inaanza kupita kwenye mbao, nikarudi dukani.

Jumamosi makaburini palijaa viti vya plastiki. Vitabu vilikuwa kwenye boksi, vimebanwa kwa stepla kwa mikono yangu miwili, na sehemu ya Fundi Mkuu imo palepale katikati kwa sababu sikuwa nimepata ujasiri wa kuitoa. Kiti cha mikono kilikuwa mbele ya zege. Binti wa Mama Mayai alikaa nyuma kabisa, pembeni ya mama yangu, anatazama mstari wa vifusi. Mjomba alichelewa. Alikuja na suti yake iliyopigwa pasi, kwapani kitu kirefu kimefungwa kwenye shuka, mkononi nyundo kubwa ya kuvunjia mawe. Watu wakapiga makofi. Walidhani ni mbwembwe zake.

Alipita mbele yetu wote mpaka nyuma, akamshika binti mkono, akamleta kumketisha kwenye kiti chake cha mikono.

"Sikufa," akatangaza. "Mnaniona?"

"Tunakuona!" watu wakajibu, wanacheka.

"Basi kama mimi niko hapa, humu yumo nani?"

Kicheko kikapungua. Mwenyekiti akakimbilia kipaza sauti. "Fundi, suala hili tulilifunga. Jeneza lilikuwa tupu."

"Tupu! Watu wa afya waniagize jeneza kwa kipimo, wazike hewa?" Na hapo Mjomba, na suti yake, akalala chini kifudifudi sambamba na kaburi lake, kichwa kikalingana na mwanzo wa zege. Miguu ikapita mwisho wa kaburi, ikapita ukingo wa maua, viatu vikaenda kuchungulia kaburi la jirani. "Haya, nitazameni! Mwenyekiti, njoo uniambie nilikunjwa vipi. Kinyozi, wewe uliyelia kuliko wote, hukuona lile jeneza lilivyo fupi?"

Mtu alicheka, akakoma. Mama yangu alishika mdomo. Mjomba akainuka, udongo umemjaa kwenye kola, akasema yote: kipimo alichopewa kwa simu, chuma chake, ubavu wa kulia na wa kushoto. "Angekuwa na ndugu pale wangenikataza. Hakuwa na mtu, nikamwandika jina langu. Humu yumo Mama Mayai. Huyu ni mwanawe."

Binti alikuwa amesimama. Alilitazama lile zege alilolikalia akipumzika, na mimi nikajua sasa anatukana, au anaanguka, na lolote kati ya hayo lingekuwa haki yake.

"Kwa hiyo mliokuwa mnamlilia ni huyu," akasema, akimwonyesha Mjomba kwa kidevu.

Ni Mjomba aliyejibu.

"Walikuwa wananitaja mimi. Lakini mimi nilikuwa hospitali, sikusikia hata sauti moja. Aliyekuwepo ni mama yako. Walisimama milangoni, kwa ajili yake. Walivua kofia, wakaimba, dereva akazima redio, yote yalipita yeye akiwa mlemle ndani. Mimi nimeyashikilia tu mpaka umekuja."

Binti akakaa. Alilia kwa sauti, na mama yangu akalia naye, na Kinyozi, ambaye kwa kulia hana mpinzani. Mjomba akainua nyundo. Alilipiga lile zege mpaka FUNDI likatengana na MKUU, na hakuna aliyemzuia, hata Mwenyekiti aliyelilipia kwa fahari.

Kisha Mwalimu mstaafu akajikohoza. Nilidhani anataka kutetea tungo zake, nikakaa tayari kumvaa. Kumbe alikuwa anahesabu kwenye vidole. "Ma-ma-ma-ya-i," akanong'ona. "Fu-ndi-m-ku-u. Mizani zinalingana." Akasimama, akaghani:

*Mama Mayai kaenda, kikapu chamlilia,*
*Mayai aliyolinda, mtaa tukajilia...*

Akakwama. Alitazama juu, akatazama chini, akatutazama sisi. Mstari wa tatu ulitaka habari zake: alipenda nini, alicheka vipi, nani alikuwa anamtembelea. Mwalimu hakuwa nayo, na sisi hatukuwa nayo. Tulikuwa tunajua tu kwamba chumvi alikuwa anaifunga kwenye vipande vya gazeti.

"Alikuwa anaogopa mbwa," binti akasema kutoka kwenye kiti. "Na alikuwa anaimba vibaya sana, lakini kila siku."

Mwalimu akaomba penseli. Mjomba akachomoa ya sikioni akampa.

Sehemu ile katikati ya kitabu niliing'oa siku ileile, stepla zikanichoma vidole, nikaiandika upya binti akiwa amekaa kwenye kigoda cha Mjomba ananisimulia. Hiyo ndiyo hadithi ndefu kuliko zote kitabuni, na sikuongeza neno.

Lakini kabla hatujaondoka makaburini Mjomba alikifungua kile kitu cha kwenye shuka. Ulikuwa ubao wa mninga, ule aliokuwa ameuficha nyuma ya karakana miaka yote akisema hajaona mteja anayeustahili. Ameuranda mpaka unateleza, na herufi amezichonga kwa patasi moja moja: jina la Mama Mayai, lote, na la baba yake, lile ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa analijua. Walimpisha akausimika.

Watu walipokwisha kutawanyika nikabaki nyuma. Namjua mjomba wangu na chuma chake. Nilipiga magoti nikautazama ule ubao mbele, nikautazama ubavuni, nikaufukua udongo kidogo chini, nikapapasa mgongo wake wote kwa kiganja.

"Usijisumbue, mwanangu," akasema, akijipangusa vumbi kwenye suti. "Hakuna."